Kikao kimoja, kila kompyuta ofisini ina saa yake: tatizo liko wapi?

#1 Karani wa Kariakoo
Wakuu, habari za kazi.

Ofisi yetu ni ndogo, ipo Dar. Kila Jumanne tuna kikao cha mtandaoni na wafadhili walioko London, saa 8 mchana kwa saa zetu. Mwaliko walituma wao, sisi tukaukubali kwenye Outlook, na tangu katikati ya mwaka hakuna aliyewahi kulalamika.

Juzi Jumanne nusu ya ofisi imeingia saa 8 ikakaa kwenye chumba cha kusubiri saa nzima. Wazungu wakatokea saa 9, wametulia, wanauliza kwa nini tumechoka. Nikaanza kuzunguka meza moja moja. Kwangu kikao kinasoma saa 9. Kwa mhasibu saa 8 ileile ya zamani. Kwa afisa miradi saa 8. Mkurugenzi kwenye simu yake saa 9, lakini kwenye laptopu mpya tuliyoletewa kutoka nje kinasoma saa 11 alfajiri! Hakuna aliyegusa kalenda, na ile saa ya pale chini kulia inasoma sawasawa kwenye mashine zote.

Barua pepe zetu ni za jina la ofisi, tumekodi seva hapa mjini, tumeziunga kwa IMAP, ile njia ya kusomea barua zilizoko kwenye seva. Mtu wa IT hatuna, tuna kijana wa stationery ya jirani anayetusaidia.

Jumanne ijayo tuingie saa ngapi, na nirekebishe nini?

#2 Fundi Nyaya
Kijana wa stationery. Uzi ufungwe.

#3 Mzee wa Seva
Mkuu, Jumapili iliyopita ilikuwa ya mwisho ya mwezi wa kumi. Siku hiyo karibu Ulaya yote inarudisha saa nyuma. London ilikuwa masaa mawili nyuma yetu, sasa ni matatu. Mwaliko unashika saa ya aliyeuandika, sio yako. Wao kikao chao ni saa 6 adhuhuri London, majira yoyote. Kwao hakijasogea hata dakika moja. Wewe ndiye uliyesogezwa, toka saa 8 hadi saa 9, mpaka Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tatu watakapoipeleka mbele tena.

Kwa hiyo anayeona saa 9 yuko sahihi. Ingieni saa 9.

#4 Mwali wa Tabata
Mzee wa Seva umeeleza vizuri ila hujajibu swali. Wote wako chumba kimoja, mwaliko ni uleule. Kwa nini mhasibu na afisa miradi waone saa 8?

Mimi nasema hivi: wafadhili walituma marekebisho ya mwaliko, wengine wakayakubali na wengine wameyaacha kwenye inbox. Tumeyaona sana kazini kwetu. Mtu anaona barua ya mwaliko yenye kichwa kilekile anadhani ni marudio, anaifuta. Kalenda yake inabaki na saa ya zamani.

#5 Msee wa Ngara
Niaje wadau. Hapa Nairobi hii kitu inatupata kila mwaka, mara mbili. Lakini hiyo ya saa 11 alfajiri haiwezi kuwa London wala marekebisho ya mwaliko. Hiyo laptopu bado iko Marekani. Kompyuta nyingi zikiwashwa mara ya kwanza zinaanza na saa za Pwani ya Pasifiki. Mtu akiona saa haifanani na ya ukutani, anaisukuma kwa mkono mpaka ifanane. Akishamaliza saa inapendeza, lakini kompyuta bado inaamini iko Seattle.

Ndugu Karani, fungua kikao cha Jumanne ijayo kwenye hiyo laptopu. Kikisoma saa 10 alfajiri badala ya 11, nitafutie soda.

#6 Karani wa Kariakoo
Nimetoka kwa mkurugenzi sasa hivi. Jumanne ijayo inasoma SAA 10 ALFAJIRI. Umejuaje mkuu??

#7 Msee wa Ngara
Kwa sababu Marekani hawarudishi saa siku moja na Ulaya. Ulaya ni Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Marekani ni Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwa hiyo kuna wiki moja hapo katikati ambapo London na Marekani zinakaribiana kwa saa moja kuliko kawaida. Jumapili hii inayokuja wao pia wanarudisha, kikao kinarudi saa 10. Mwezi wa tatu ni vibaya zaidi: Marekani wanatangulia Jumapili ya pili, Ulaya wanafuata ile ya mwisho. Hapo wiki mbili au tatu nzima kila mtu anagombana na kalenda yake.

Soda iwe Stoney.

#8 Mzee wa Seva
Sawa, tuache ubishi tupime. Karani, kwenye kila mashine bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, ingia, halafu andika hivi:

tzutil /g

Bonyeza Enter. Itakujibu mstari mmoja tu, jina la saa za eneo ambazo mashine inaziamini. Usiangalie saa ya chini kulia, hiyo inadanganyika kirahisi. Tuletee majibu ya mashine zote nne.

#9 Kaka Bando
Nafuatilia. Ila kwani mnahangaika na nini, si muandike tu kwenye kichwa cha mwaliko "saa 8 mchana EAT", yaani saa za Afrika Mashariki, mambo yaishe?

#10 Mwali wa Tabata
@Kaka Bando kichwa cha mwaliko hakipigi kengele. Kengele inapigwa na saa iliyoko ndani. Kuna mtu kwetu aliandika kichwani "saa 3 asubuhi", halafu kwenye nafasi ya saa akajaza 03:00. Simu za watu wote zililia usiku wa manane.

#11 Fundi Nyaya
😂😂😂 hiyo ya 03:00 kuna mkoa mzima wameshaipata.

#12 Karani wa Kariakoo
Majibu haya:

Yangu: E. Africa Standard Time
Mhasibu: GTB Standard Time
Mkurugenzi: Pacific Standard Time
Afisa miradi: E. Africa Standard Time

GTB ni nini wakuu? Nimemuuliza mhasibu anasema labda ni benki.

#13 Mzee wa Seva
GTB ndilo jina ambalo Windows inaliita eneo la Athens na Bucharest. Mhasibu wako yuko Ugiriki.

Angalia ilivyo tamu. Ugiriki wakati wa joto wako sawa na sisi kabisa, UTC+3, yaani masaa matatu mbele ya saa ya dunia. Kwa hiyo tangu mwisho wa Machi mashine ya mhasibu ilikuwa inasoma saa sahihi na hakuna aliyeshtuka. Jumapili iliyopita Ugiriki imerudisha saa nyuma pamoja na London. Ndiyo maana kwake kikao hakijasogea: Athens na London zinatembea pamoja. Nina uhakika Jumatatu asubuhi kompyuta yake ilikuwa nyuma saa moja, akaja mtu akaisukuma mbele kwa mkono.

#14 Karani wa Kariakoo
Ni kweli tupu. Jumatatu kijana wa stationery alikuja "kurekebisha saa". Alilipwa na nauli.

#15 Fundi Nyaya
Rejea #2.

#16 Chombo cha Unguja
Assalaam alaykum jamaa. Msimlaumu kijana wa watu bure. Ukifungua orodha ya maeneo kwenye Windows, Dar es Salaam haimo, Zanzibar ndiyo kabisa. Mtu anatafuta mji wake haupati, anachagua chochote chenye saa inayolingana. Mimi mashine zetu zote nimeweka Kuwait na Riyadh, ni UTC+3 na Saudia hawachezi na saa. Miaka inakwenda hatujapata shida.

#17 Mzee wa Seva
Sheikh, Riyadh inafaa kwa saa. Lakini kwenye orodha imo Nairobi, "(UTC+03:00) Nairobi", na ndiyo yetu: Dar, Kampala, Zanzibar wote humo. Mtu wa nje akiutazama mwaliko wako ataona umeandikwa kwa saa za Riyadh, ataanza kuuliza kama umehama.

Ya kukimbia ni Athens, Helsinki, na Cairo. Misri walikuwa wameacha kusogeza saa, wakaanza tena 2023. Mtu aliyeweka Cairo kabla ya hapo aliona tofauti ya saa moja mwaka mzima akaibadilisha. Anayeiweka leo mwezi wa sita ataona iko sawa, mwisho wa Oktoba inamgeuka.

Kuweka sahihi kwa amri moja:

tzutil /s "E. Africa Standard Time"

Kisha ingia kwenye mipangilio ya saa, washa ile ya kuchukua saa yenyewe kutoka mtandaoni. Anza na eneo, saa ifuate. Ukianza na saa utarudi pale pale.

#18 Kaka Bando
Sasa kama saa inaonekana sawa, kuna ubaya gani mwingine zaidi ya kikao? Nauliza kwa wema.

#19 Mzee wa Seva
Karani, muombe mkurugenzi akutumie barua pepe kutoka kwenye ile laptopu kabla hujairekebisha. Ifungue, soma mstari unaosema imetumwa saa ngapi.

#20 Karani wa Kariakoo
Amenitumia saa 3 asubuhi hii. Nikiifungua inasomeka imetumwa leo saa 1 usiku. Yaani imetoka jioni ambayo haijafika!

#21 Mzee wa Seva
@Kaka Bando jibu hilo hapo. Mashine inafikiri saa 3 asubuhi hiyo ni ya Seattle, na ikiwa saa 3 asubuhi Seattle wiki hii, Dar ni saa 1 usiku. Inabandika hivyo kwenye barua. Sasa fikiria ni barua ya zabuni yenye mwisho wa kupokea saa 6 mchana. Seva ya mpokeaji ina saa yake ya kupokea, utajitetea kwa hiyo, lakini utakuwa unajitetea. Na ofisi zenye seva kubwa ya kuingilia, mashine ikiachana na seva kwa zaidi ya dakika tano inakataliwa kuingia, mtu anabadilisha nywila mara kumi akidhani ameisahau.

#22 Mama Shughuli
Wenye kompyuta za mezani za zamani, kama saa inarudi nyuma kila mkizima umeme, msihangaike na eneo. Ni ile betri ndogo ya duara ndani, imeandikwa CR2032, inauzwa hata kwa mafundi wa saa. Hapo ofisini kwetu walikuwa wanarekebisha saa kila asubuhi kama wanaosaini daftari la mahudhurio.

#23 Mwali wa Tabata
Wote mmesahau mtu mmoja. AFISA MIRADI. Mashine yake ni E. Africa, iko sahihi, na bado inasoma saa 8. Athens haimhusu. Narudi kwenye hoja yangu ya #4, kuna marekebisho hajayakubali.

#24 Mzee wa Seva
Hoja nzuri, ila kama mwaliko ni wa London tangu mwanzo, hauhitaji marekebisho kusogea. Unasogea wenyewe kwa sababu kanuni ya London imo ndani yake. Mimi nadhani afisa miradi hakuukubali mwaliko. Alikiandika kikao mwenyewe kwa mkono, "kila Jumanne saa 8", kwa saa za Dar. Hicho hakisogei milele. Karani, kifungue kwake: kina majina ya waalikwa au kiko kitupu?

#25 Karani wa Kariakoo
Kina majina yote, na jina la mwenye kikao juu. Sio cha kuandika mkono.

#26 Msee wa Ngara
Basi inawezekana hakuupata moja kwa moja. Labda mtu alimtumia lile faili la kalenda, lenye mwisho wa .ics, kwa WhatsApp. Ndani ya hayo mafaili saa inaandikwa kwa namna tatu: na jina la eneo, au kwa UTC yenye herufi Z mwishoni, au tupu bila chochote. Ikiwa tupu, kila mashine inaisoma kama saa yake. Saa 8 inabaki saa 8 popote ulipo duniani. Ikiwa ya Z bila eneo, nayo haifuati London, inabaki saa 8 ya Dar mwaka mzima.

Fungua hilo faili kwa Notepad, tafuta mstari unaoanza na DTSTART, ndio wenye saa ya kuanza kikao. Jibu liko hapo.

#27 Mwali wa Tabata
Au kalipata kwa marekebisho ya zamani 😏

#28 Karani wa Kariakoo
Afisa miradi yuko Mtwara mpaka Jumatatu, laptopu ameondoka nayo. Anasema hakumbuki aliupataje.

#29 Kitoto cha Likasi
Jambo bandugu. Mimi niko Lubumbashi. Nyinyi muna nchi moja saa moja muna bahati. Congo iko na saa mbili: Kinshasa na upande wa magharibi ni UTC+1, sisi Lubumbashi, Bukavu, Goma ni UTC+2. Direkta wa Kinshasa anaandika kikao saa 9 yake, sisi ni saa 10, na Bujumbura na Kigali vilevile kama sisi. Kwa Windows tunaweka "Harare, Pretoria". Kinshasa wanaweka ile ya West Central Africa.

Dawa yetu: kwa Outlook, ndani ya mipangilio ya kalenda, kuna nafasi ya kuonyesha eneo la pili na la tatu. Pembeni ya siku unaona mistari ya saa imesimama sambamba: Kinshasa, Lubumbashi, Brussels. Tangu tufanye hivyo, makelele imepunguka sana.

#30 Mama Shughuli
Hii ya #29 ndiyo ya maana kuliko zote. Kalenda ya Google nayo inayo, unawasha eneo la pili kwenye mipangilio.

#31 Dereva wa Nimule
Ongezeni Juba. Sudan Kusini saa zao zilikuwa sawa na zetu, tarehe 1 Februari 2021 wakarudi UTC+2. Kompyuta ambazo hazijapokea masasisho tangu hapo, Windows 7 hasa, hazina habari. Ukipanga na mtu wa Juba mwenye mashine ya hivyo, mwambie achague Harare.

#32 Chombo cha Unguja
Na Maskati je? Nina shemeji huko, wako UTC+4, hawasogezi saa. Tabu yao ni wiki. Oman mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi, Jumapili wako kazini. Anatuma mialiko ya Jumapili asubuhi sisi tumelala. Na siye Ijumaa saa 7 mchana tunaitwa vikaoni na watu wa bara.

#33 Mpemba wa Ruwi
Shemeji wa watu mimi hapa, niko Muscat 😄 Kwenye kalenda yenu kuna mahali pa kuweka siku za kazi na saa za kazi. Ondoa zile siku tano ilizokuja nazo, jaza zako. Mimi nimeweka Jumapili mpaka Alhamisi. Sehemu iliyobaki inageuka kijivu, mtu akitaka kukualika anaona. Na ile ya Ijumaa, weka miadi ya kujirudia kila wiki, saa 6 na nusu mpaka saa 8, iandike kuwa una shughuli. Hakuna haja ya kueleza shughuli gani.

Hapo zamani Oman ilikuwa Alhamisi na Ijumaa, wakabadilisha 2013. Dubai nao wakahama 2022 kwenda Jumamosi na Jumapili. Kwa hiyo usidhani Ghuba nzima ni moja.

#34 Mwali wa Tabata
@Mpemba wa Ruwi hapo kwa Karani mwenzio hawaoni kijivu chochote. Wako IMAP. IMAP inabeba barua tu, kalenda haiibebi. Kalenda yao imelala ndani ya kila kompyuta peke yake. Ndiyo maana simu ya mkurugenzi na laptopu yake hazijuani: kila kimoja kimekubali mwaliko kivyake.

#35 Karani wa Kariakoo
Kumbe! Ndiyo maana vikao ninavyoandika kwenye kompyuta sivioni kwenye simu. Nilishabadilisha simu kwa sababu hiyo.

#36 Mzee wa Seva
Hapo Mwali ana haki. Pale Outlook iliyosakinishwa kwenye kompyuta inakuandikia kabisa, kalenda ya kompyuta hii tu. Mna njia mbili. Mhamie huduma ambayo barua na kalenda vinakaa seva moja, ya kulipia kwa kila kichwa. Au mwulizeni mwenye seva wenu kama ana CalDAV, ile njia ya kuweka kalenda kwenye seva. Wengi wanayo na hawaisemi. Programu ya barua ya Thunderbird inaisoma bila nyongeza, kalenda imo ndani yake tangu toleo la 78.

#37 Kaka Bando
Mkuu hiyo ya kulipia kwa kila kichwa itakula bando la ofisi? Sisi tuko Sumbawanga tunatumia modemu.

#38 Mama Shughuli
Sio kalenda inayokula, ni viambatisho. Kwenye akaunti ya aina hiyo ukiingia mipangilio utakuta kitelezi cha barua za kuhifadhi kwenye mashine. Ipunguze mpaka mwezi mmoja au mitatu. Za zamani hazifutiki, ziko seva, ukizihitaji unazitafuta. Mashine mpya ikiunganishwa ikiwa imeachwa kwenye zote, inaanza kushusha barua za tangu ofisi ilipofunguliwa. Na nembo mnazoweka chini ya sahihi zenu! Kuna mtu anajibu "Noted" na chini kuna picha ya jengo lao.

#39 Fundi Nyaya
Jengo, nembo, cheti cha ISO, na maneno ya kulinda misitu usichapishe barua hii.

#40 Kaka Bando
Na kwa nini faili la MB 20 linakataa wakati seva inasema kikomo ni MB 25?

#41 Msee wa Ngara
Kiambatisho kinageuzwa kuwa herufi kabla ya kusafiri. Kila baiti tatu zinakuwa nne. MB 20 zako zinatembea kama 27 hivi. Ukiwa na kikomo cha 25, hesabu 18.

#42 Bosi Mstaafu
Nimesoma uzi wote. Enzi zetu katibu muhtasi alikuwa na daftari moja jeusi, vikao vyote vimo, hakuna Athens.

#43 Mwali wa Tabata
Shikamoo mzee. Na akiumwa?

#44 Bosi Mstaafu
Marahaba. Akiumwa hatukutani.

#45 Mpemba wa Ruwi
Karani, kabla hujasahau, waambie wafadhili kama wanataka msisogezwe tena, waufute mfululizo wauandike upya kwa saa za Nairobi. Kwenye dirisha la mwaliko kuna kitufe cha kuonyesha eneo, wachague hapo. Nyie mtabaki saa 8 mwaka mzima. Watakaosogea ni wao.

#46 Mzee wa Seva
Hapo sikubali. Ukifanya hivyo unakihamishia tatizo kwao, na wao ndio wenye hela. Bora watu wa Dar wajue mara mbili kwa mwaka kuna kusogea. Weka ukumbusho wa mwisho wa Machi na mwisho wa Oktoba.

#47 Msee wa Ngara
Mimi niko na Mpemba. Wao wamezoea kusogea, sisi hatujazoea.

#48 Karani wa Kariakoo
Nimeongea na wafadhili. Wanasema kikao walikianzisha walipokuwa hapa Dar mwezi wa tano, wakiwa hotelini, kwa laptopu zao. Mzee wa Seva, hiyo si inamaanisha kingekuwa cha saa za Dar tangu mwanzo?

#49 Mzee wa Seva
Inategemea kama laptopu ilibadilisha eneo yenyewe ilipofika Dar au ilibaki London. Kama ilibadilika, basi kikao kilikuwa cha Nairobi, na kilipaswa KUTOSOGEA. Hapo afisa miradi ndiye angekuwa sahihi peke yake, na sote tuanze upya.

#50 Mwali wa Tabata
Na kama baadaye waliona kimewasogea wao wakarekebisha, wakatuma MAREKEBISHO...

#51 Msee wa Ngara
Lakini Jumanne waliingia saa 9. Yaani saa 6 yao. Kwa hiyo kwenye kalenda zao ni cha London sasa, haijalishi kilizaliwa wapi. Leteni ile DTSTART.

#52 Chombo cha Unguja
Tukisubiri afisa miradi arudi kutoka Mtwara: kalenda ya sikukuu niliyounga kwenye simu imeshaniandikia Iddi mpaka ya mwaka wa kesho kutwa. Nani kamwandamia mwezi huyu?

#53 Mpemba wa Ruwi
Hiyo ni hesabu tu, sheikh, ndiyo maana nyingine zinaandikwa kuwa ni ya kukadiria. Hapa Oman tunasubiri tangazo, huko kwenu msubirini Mufti. Usifunge tiketi ya boti kwa kalenda ya simu.

#54 Karani wa Kariakoo
Nimeshabadilisha mashine ya mhasibu na ya mkurugenzi kuwa Nairobi. Zote mbili zinasoma saa 9 sasa. Ila vikao vya zamani ambavyo mhasibu aliviandika mwenyewe vyote vimesogea mbele saa moja, pamoja na siku za kuzaliwa, ambazo sasa zinaanza saa 7 usiku na kuingia siku ya pili. Hii nayo inarekebishwaje wakuu?